Benchi la mlangoni, viatu chini: kwa bodi moja na shilingi 220,000

Ndugu washauri,

Naandika nikiwa nimechoka kuokota viatu. Tumepanga nyumba Tabata na tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka 11, mdogo 4) na mama mkwe. Ukifungua mlango wa mbele unaingia kwenye kikorido kabla ya sebule. Nimekipima: upana sentimita 122, urefu sentimita 240. Mlango ni wa futi 3, unafungukia ndani na kulalia ukuta wa kushoto, na bawaba zake ziko kama sentimita 10 kutoka kwenye ukuta huo. Viatu vyote vinavuliwa hapo, na jioni hupiti bila kuviruka.

Tulinunua raki ya mabomba ya plastiki yenye vitambaa. Ilidumu miezi minne, ikapinda, ikalala. Isitoshe, mama mkwe magoti yanamsumbua. Anavua viatu amesimama, mkono mmoja ukutani, na mara mbili nusura aanguke. Kwa hiyo nataka kitu kimoja chenye kazi mbili: juu tukae, chini tuhifadhi.

Seremala wa mtaani amenichorea sanduku refu la mninga lenye mfuniko, anataka 380,000. Mimi nina 220,000 na haziongezeki. Mwingine anasema atanitengenezea lilelile kwa MDF kwa 200,000. Shemeji anaweza kunipatia mapaleti ya bure kutoka ghala analofanyia kazi. Halafu jirani anauza meza ya TV ya mtumba, anasema niweke mto juu niikalie. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe hata tundu moja.

Nishike lipi? Naogopa kutupa hela mara ya pili. Mume wangu ana drili na anaijua bisibisi, ila si fundi.

Mama wa watatu,
Tabata, Dar es Salaam

*

Dada, pole na hekaheka za mlangoni. Kabla hatujagusa mbao, kuna jambo ambalo mafundi wote wawili wamelipita: viatu vya kila siku havikai chini ya mfuniko.

Fikiria saa kumi jioni. Mwanao mdogo wa miaka 4 ametoka kucheza, anataka kuweka viatu vyake sandukuni, lakini bibi ameketi juu ya mfuniko, au kuna begi la shule juu yake, au mfuniko wenyewe ni mzito. Ataviacha sakafuni, na hutamlaumu. Ndani ya wiki mbili sanduku litajaa viatu visivyovaliwa, na vile vinavyovaliwa vitakuwa vimerudi palepale mnapoviruka sasa. Pia kiatu kinachotoka mguuni kina jasho. Ukikifungia gizani bila hewa, jasho halikauki, na hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, ngozi hushika ukungu kwa siku chache tu.

Kwa hiyo tunakushauri benchi lililogawanywa. Sehemu kubwa iwe wazi mbele, na safu mbili za viatu. Sehemu ndogo pembeni iwe sanduku lenye mfuniko, kwa vitu visivyotoka kila siku: miamvuli iliyokauka, njumu za mpira, brashi na dawa ya viatu, kamba ya kuruka. Mtu aketi juu ya sehemu ya wazi. Hivyo hakuna anayelazimika kunyanyuka ili mwingine aweke kiatu.

Likae wapi? Ukuta wa kushoto umechukuliwa na mlango, basi benchi liende ukuta wa kulia. Hapo ndipo wengi hukosea: hupima upana wa ukuta wakasahau kwamba mlango unachora robo duara. Kwa vipimo vyako, benchi lenye kina cha sentimita 40 likisogezwa hadi mlangoni litagongwa na mlango kabla haujafunguka vizuri. Hesabu inaonyesha kuwa lisianze karibu zaidi ya sentimita 57 kutoka kwenye ukuta wa mlango. Weka 60, ili mkono unaoshika kitasa usibanwe. Ukiwa na benchi la sentimita 110 utabakiwa na 70 upande wa sebuleni, na njia ya kupita itakuwa na upana wa sentimita 82, inayomtosha mtu aliyebeba ndoo.

Usituamini sisi tu, amini chaki. Fungua mlango polepole huku mtu akifuata ncha yake sakafuni kwa chaki. Kisha panga maboksi ya kartoni au kreti kwa ukubwa wa benchi, 110 kwa 40, yaache hapo siku mbili. Mkijikwaa, punguza urefu hadi 100 kabla ya kununua chochote. Usipunguze kina chini ya 38: kiatu cha mwanaume kina kama sentimita 30, na paja la mtu mzima linahitaji pa kulala.

Kimo tumekiweka kwa ajili ya mama mkwe. Benchi la kawaida huwa na sentimita 43 hadi 45. Mwenye magoti mabovu hunyanyuka kwa shida kutoka kwenye kiti kifupi, kwa sababu goti likikunjwa sana ndipo linapobeba zaidi. Tunataka ubao wa kukalia uwe sentimita 44 kutoka sakafuni, na mto mgumu wa sentimita 5 ambao mtu akiukalia unashuka hadi kama 3. Jumla 47. Mtoto mdogo miguu itaning'inia kidogo, hilo halina neno. Na ubavu mmoja wa benchi utapanda juu ya kiti kwa karibu sentimita 20, uwe mkono wa kujisukumia wakati wa kunyanyuka. Hicho kipande kimoja kina faida kuliko mapambo yote.

Sasa hao wanaokuuzia.

Mninga ni mbao nzuri, lakini hapa utalipia uzuri wa kuwekea kandambili. Mninga hauharibu kazi, unaharibu bajeti.

MDF ikataeni mlangoni. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Maji ya deki yakiingia kwenye kingo za chini inavimba, na ikishavimba hairudi. Tena skrubu ikilegea kwenye ukingo wa MDF, ukiikaza upya inazunguka bure.

Meza ya TV ya mtumba aghalabu ni bodi ya chembechembe za mbao, imeunganishwa kwa vile vifungo vya kuzungusha kwa bisibisi. Imetengenezwa kubeba uzito uliotulia, si mtu anayejitupa. Ubao wa juu ukipasuka hupasuka ghafla, na atakayekuwa juu yake ni mama mkwe.

Mapaleti si mabaya, ila tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake mbao zimetibiwa kwa joto, hizo zinafaa. MB maana yake zimepuliziwa gesi ya methili bromaidi, ziacheni huko ghalani. Paleti isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta na kemikali, nayo iacheni. Hata za HT, mbao zake hazilingani unene na misumari yake hung'oka kwa taabu, zikipasuka njiani. Kwa mtu asiye fundi, benchi zima la paleti litamaliza wikendi tatu na bado litayumba. Mwombe shemeji mbao chache tu za miguu, inatosha.

Kinachokufaa ni plaiwudi ya milimita 18, ile inayostahimili maji ambayo madukani wanaiita marini bodi. Bodi moja ina futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na benchi lako lote linatoka humo na mabaki juu. Usinunue kwa kuangalia uso. Angalia ukingo: tabaka zilale sawa, pasiwe na mapengo meusi kati yake. Omba kipande cha mabaki ya bodi ileile, kilowekwe kwenye maji usiku kucha, asubuhi jaribu kukichana kwa kisu kwenye ukingo. Tabaka zikiachana kama kurasa, gundi yake ni mbovu, nenda duka lingine. Pima pia unene kwa futi ya kupimia, maana bodi inayouzwa kama 18 mara nyingine ni 17 au 16. Ikiwa ni 16, vipimo vya ndani vibaki vilevile, ila ubao wa chini ufupishe uwe 109.4 badala ya 110.

Usikate kwa mkono. Peleka bodi kwenye karakana yenye msumeno wa meza. Waambie wapasue kwanza mikanda mitatu kwa urefu wa bodi: mmoja wa sentimita 40, miwili ya 38. Halafu vipande hivi, vyote kwa sentimita:

Mkanda wa 40: kiti 67.5, mfuniko 40.7, rafu 66.6, ambayo baadaye inapunguzwa upana iwe 34. Ukanda wa mgongo 66.6, unaopunguzwa uwe 15.

Mkanda wa kwanza wa 38: ubao wa chini 110, ubavu wa kushoto, wenye mkono, 60, ubavu wa kulia 35.4, kizigeu cha katikati, yaani ubao unaotenga viatu na sanduku, 35.4.

Mkanda wa pili wa 38: uso wa sanduku 34, mgongo wa sanduku 35.4, na kutoka kwenye mabaki, fito moja ya 66.6 kwa 4 na fito mbili za 31 kwa 4.

Mikanda miwili ya kwanza inaenea kwa kubana, imebaki sentimita 2 hivi za makosa, kwa hiyo mwambie mkata bodi apime mara mbili. Mkanda wa tatu utakuachia kipande kirefu zaidi ya mita moja. Ni chako, umekilipia, ondoka nacho.

Kile kipande cha mfuniko cha 40.7 kwa 40 kipasuliwe mara moja zaidi: sentimita 6 upande wa nyuma, kama 34 upande wa mbele. Msumeno utakula milimita 3 hivi na huo ndio mwanya wa bawaba. Ule wa 6 unafungwa imara nyuma, wa 34 ndio unaofunguka. Ukifunga bawaba mwisho kabisa karibu na ukuta, mfuniko utagonga ukuta kabla haujasimama wima, na utakuwa unakuangukia mkononi kila siku. Ukiwa umeachiwa hizo sentimita 6, unalala nyuma kidogo, unaegemea ukuta, unatulia wenyewe. Makosa ya bawaba karibu yote ya masanduku ya kukalia yanaanzia hapo.

Vitu vingine vya kununua: mbao moja ya mbili kwa mbili ya futi 12 kama shemeji hana ya kukupa (utatumia kama mita moja tu), skrubu 80 za milimita 40, gundi ya mbao nusu kilo, bawaba mbili za inchi 2 na nusu pamoja na skrubu zake za milimita 16, msasa namba 120 na 220 karatasi mbili mbili, na vanishi lita 1. Skrubu za bawaba zisizidi milimita 16, vinginevyo zitatokeza upande wa pili wa bodi na kuchana mikono.

Kuunga. Kabla ya gundi yoyote, simamisha vipande vyote bila skrubu uone vinakubaliana. Kwenye ubavu wa kushoto na kwenye kizigeu, pima kutoka chini sentimita 16, piga mstari: hapo ndipo uso wa chini wa rafu unapokaa. Chini ya rafu utakuwa na 16, juu yake kama 17 na nusu.

Kila tundu la skrubu litangulizwe kwa kekee ya milimita 3, na lisiwe karibu zaidi ya sentimita 4 na mwisho wa ubao. Plaiwudi ikiingiziwa skrubu ukingoni bila tundu, tabaka hufunguka kama mdomo, na hapo tena hapashiki. Paka gundi, bana, ndipo skrubu, moja kila sentimita 10 hadi 12. Kama hamna vibano, zungusha kamba ya katani na ipotoe kwa kijiti mpaka ikaze.

Anza na rafu: ifunge kati ya ubavu wa kushoto na kizigeu, mbele iwe sawasawa, nyuma ibaki pengo la sentimita 4 la kupitisha hewa. Kisha ukanda wa mgongo wa 66.6 kwa 15, ufungwe nyuma, juu kabisa, katikati ya ubavu na kizigeu. Huo ndio unaozuia benchi lisiyumbe kushoto na kulia. Mtu akiona ni kipande cha kupunguza gharama akakiacha, benchi litaanza kucheza baada ya mwezi. Fito ya 66.6 kwa 4 isimamishwe kwa ukingo chini ya kiti, sentimita 3 kutoka mbele, kama boriti. Bila boriti hiyo, watu wazima wawili wakikaa pamoja, ukingo wa mbele wa kiti utashuka karibu nusu sentimita na utazidi kulegea. Safu ya juu itabakiwa na mlango wa kama sentimita 13 na nusu, na kiatu cha kawaida kinaingia.

Zile fito mbili za 31 kwa 4 zifungwe, nazo kwa ukingo, moja ndani ya ubavu wa kushoto na moja kwenye kizigeu, upande wa viatu. Nyuso zake za juu ziwe sentimita 35.4 kutoka chini ya ubavu. Tafadhali zingatia hapa. Ubavu wa kushoto unapanda juu ya kiti, kwa hiyo kiti hakiukalii, kinaugusa tu. Pasipokuwa na fito ya kukibeba, uzito wote wa mtu utaning'inia kwenye skrubu tatu.

Pindua kitu kizima, funga ubao wa chini kwa skrubu kutoka chini. Weka ubavu wa kulia, mgongo wa sanduku uliotobolewa matundu sita ya milimita 25, na uso wa sanduku. Uso huo mmeukata 34 na si 35.4 kwa makusudi: unaacha mwanya wa sentimita moja na zaidi chini ya mfuniko. Hewa inapita, na kidole cha mtoto hakisagwi mfuniko ukidondoka. Msiweke kitasa, komeo wala kufuli kwenye sanduku hilo. Lina nafasi ya lita 46, na mtoto wa miaka 4 anayejificha anaweza kujikunja humo. Liwe linafunguka kwa kusukumwa kutoka ndani wakati wowote.

Kabla ya gundi kukauka, pima kona kwa kona ya upande wa nyuma wa ile sehemu ya viatu, kuanzia kwenye kizigeu. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 3, sukuma ile kona ndefu mpaka vilingane. Iache usiku mmoja bila kuikalia.

Miguu ni vipande vitatu vya mbili kwa mbili, kila kimoja sentimita 34, vikilala kutoka mbele kwenda nyuma: kimoja chini ya ubavu wa kushoto, kimoja chini ya kizigeu, kimoja chini ya ubavu wa kulia. Uzito unashukia hapohapo. Ukiilaza kwa urefu wa benchi, tambara la deki halipiti na uchafu unajificha. Chini ya kila mguu pigilia kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu bovu, mbao zisinywe maji ya sakafu, halafu juu ya plastiki gundisha raba ya kandambili kuukuu, benchi lisiteleze kwenye vigae mama mkwe anapojisukuma. Kama miguu ni mbao za dawa, vizuri kwa mchwa, ila mabaki yake yasiingie jikoni kama kuni. Dawa hiyo huwa na shaba na aseniki, na moshi wake ni sumu.

Mwisho kiti, skrubu zikiingia kwa juu kwenye fito, boriti na ukanda wa mgongo. Mto utazificha. Kile kipande cha sentimita 6 kifungwe nyuma ya sanduku, na bawaba zikae juu, zikiunganisha kipande hicho na mfuniko. Bandika raba nyembamba ukutani pale mfuniko unapoegemea, rangi ya mwenye nyumba isichubuke. Gundi ya pande mbili inatosha, hakuna tundu.

Piga msasa 120, kisha 220. Uso unaweza kuusamehe, kingo usizisamehe: plaiwudi hunywa maji kupitia kingo. Koti la kwanza la vanishi lilainishwe kwa tina, lipakwe kingo zote mara mbili, pamoja na uso wa chini kabisa ambao hakuna atakayeuona. Kisha makoti mawili mazito, msasa mwepesi katikati. Eneo lote la pande mbili ni karibu mita 4 za mraba, kwa hiyo lita 1 inafika. Fanyeni nje kivulini, watoto mbali, na mto usiwekwe kabla ya siku tatu kwisha, la sivyo utanata.

Mto ni sponji ngumu ya sentimita 5, ukubwa 66 kwa 38, kwa sehemu ya kiti pekee. Jaribio dukani: bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu. Likigusa meza, ni laini mno. Gamba la leza, ile ngozi ya bandia, linafutika mvua ikiingia na watu. Kitenge ni kizuri zaidi machoni, basi kiwe na zipu kivuliwe na kufuliwa. Mfuniko wa sanduku uache mtupu. Ukiuwekea mto, kesho utawekewa na mabegi.

Kuhusu fedha. Bei hubadilika kati ya duka na duka, lakini katika orodha hii bodi ndiyo itakayomeza sehemu kubwa, na ikifika nusu ya 220,000 usishtuke. Nunua vifaa mwenyewe. Kama mume wako ataunga, hela inayobaki inatosha kukata, vanishi na mto. Kama mtamwita fundi, mpatane bei ya ufundi peke yake, karatasi ya vipimo mkononi, na nusu ilipwe baada ya mama mkwe kukaa na kunyanyuka mara tano mbele yake. Fedha ikipungua, mto usubiri mwezi ujao, mkalie kanga iliyokunjwa. Usiipunguze bodi iwe milimita 12, na usikubali bawaba za bati jepesi.

Kwa watu wenu sita, safu hizi mbili zinabeba jozi sita, tatu chini na tatu juu. Kila mtu ana jozi moja tu mlangoni, nyingine zikae chumbani. Watoto wapewe safu ya chini, maana ndiyo wanayoiona na kuifikia. Mama mkwe, wewe na baba mchukue ya juu, ili bibi asiiname. Kandambili za chooni na za wageni zinaingia chini ya benchi, kwenye zile sentimita 5 za miguu. Kiatu kilicholowa kisipande rafuni siku hiyo: kijazwe gazeti, kikae kibarazani mpaka kikauke.

Wazee wetu wa mwambao walilijua hili mapema. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zina baraza za mawe pale mlangoni, mtu anapumzika kabla hajaingia ndani. Kwako mlango umebana, lakini hoja ni ileile: pa kukaa pawe mlangoni, si sebuleni.

Nje ya mlango weka kifutio cha miguu cha makumbi ya nazi, mchanga uishie huko. Ndani usitandike zulia dogo lisilo na raba chini. Mbele ya mtu anayenyanyuka kwa magoti mabovu, zulia linaloteleza ni hatari kuliko viatu vilivyozagaa. Na mkitaka pa kutundika mabegi, msijenge mnara juu ya benchi hili, kwa sababu halijafungwa ukutani na mabegi ya shule yatalivuta liinamie mbele. Kulabu za kuning'iniza juu ya mlango wa chumba zitafaa.

Baada ya mwezi mmoja kazeni skrubu zote, plaiwudi huwa imeshajikalia. Na kila masika yakikaribia vuta benchi mbele, angalia nyuma na chini ya miguu. Ukiona njia nyembamba za udongo zinapanda, ni mchwa: zikwangue, pakauke, upake vanishi upya pale walipogusa, na umwambie mwenye nyumba, maana wanatoka kwenye ukuta wake.